Tulivyompima Mama kwa Safari ya Karibi

Haya basi. Tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye simu, kwenye basi la kazini, hata katikati ya mazoezi ya kwaya mwalimu akitukodolea macho: "Mama Joy, ilikuwaje huko?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, someni wote, halafu mniache nipumue.

Wengi wenu mnajua nusu ya habari. Dada yangu Nafula yuko Kanada, huu ni mwaka wa tisa. Ameolewa na mtu wa Karibi, na ukoo wa mumewe umeamua kukutana Agosti kisiwani kwao, wiki nzima, kwenye hoteli ya ufukweni. Ni zile hoteli za kila kitu ndani. Ukifika wanakufunga utepe mkononi, na kuanzia hapo chakula, vinywaji, bwawa na bahari ni vyako mpaka siku ya kuondoka. Nafula alitaka na sisi wa kwake tuwepo, na kuliko wote alimtaka Mama. Ana mtoto wa miaka minne ambaye Mama hajawahi kumpakata. Wakwe zake walikuwa wanahesabu vyumba, wakataka jibu kufikia Jumapili jioni.

Sasa shida. Sisi ni Wabukusu wa Bungoma, na Mama ni Mbukusu wa kuzaliwa na kulelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Kuonana miili ndiyo usiseme kabisa. Na hoteli ya ufukweni ni nini kama si paa moja, meza moja, na watu wanatembea na chupi mchana kweupe? Halafu huko Karibi Mama angekuwa na wakwe wawili, Barasa wangu na huyo wa Nafula ambaye hajawahi hata kumwona.

Hata hapa Dubai alipokuja kututembelea hakulala kwetu Discovery Gardens usiku mmoja. Alikaa kwa binamu yangu Al Muraqqabat, akibanana na wasichana wanne, na sebule yetu iko tupu. Nilipomwuliza kuhusu Karibi alisema, "Tutaona." Kwa Mama, "tutaona" ni hapana iliyovaa nguo za kanisani.

Basi kazini kwangu wakanizawadia usiku mmoja wa familia kwenye hoteli ya namna hiyo hiyo, pwani ya mashariki, ng'ambo ya milima. Nikasema, yalla, hapa ndipo tutampimia Mama. Akiweza siku mbili ataweza wiki. Mambo ya viza na karatasi nyingine nayaruka, hakuna aliyeniuliza.

Discovery Gardens mpaka Al Quoz

Ni mwendo wa saa mbili hivi. Tuliondoka saa moja asubuhi, na tukafika saa saba mchana. Msicheke bado.

Gari letu ni dogo. Ndani yake Mama angekuwa karibu na mgongo wa Barasa kiasi cha kumhesabu nywele. Kwa hiyo Barasa aliomba kazini kwake gari kubwa lenye safu tatu za viti, ili Mama akae safu ya mwisho. Anasimamia madereva kwenye kampuni moja Al Quoz, na gari lilikuwa pale uani, limeoshwa, limejazwa mafuta, zuri kabisa. Ila mbele yake walikuwa wameegesha mabasi matatu ya wafanyakazi, na madereva wake walikuwa wamekwenda kulala na funguo mifukoni.

Tulikaa kwenye mkahawa wa pembeni saa moja na nusu. Nilikunywa chai ya karaki, ile ya maziwa mazito na viungo, vikombe viwili, nikala chapati ya yai, Joy akala yake na nusu ya yangu. Joy ana miaka sita na alikuwa amevaa miwani ya kuogelea tangu kitandani. Barasa alizunguka yale mabasi akiyatazama tu. Mume wangu ana mwili mkubwa na maneno machache, akikasirika unajua kwa jinsi anavyokunja mikono ya shati.

"Si tumchukue tu Mama na gari dogo?" nikamwambia. "Ni siku moja."

"Mama Joy," akasema, "mimi nilipokuja kwenu kukuposa nilikuwa na viatu vya kuazima. Wajomba zako walicheka. Mama hakucheka. Siwezi kumkalisha nyuma ya kisogo changu."

Nikaagiza kikombe cha tatu, nikakinywa mpaka madereva walipoamka wakaja kuondoa mabasi.

Al Muraqqabat

Mama alikuwa ameshuka chini tangu saa mbili, amesimama mbele ya duka la mikoba na leso mabegani, na mfuko mkubwa miguuni. Ndani ya mfuko mlikuwa na mayai ya kuchemsha, chapati kumi na mbili, viazi vitamu na chupa ya chai.

"Mama, huko chakula hakiishi!"

"Nani alikwambia? Umekiona?"

"Nimeambiwa."

"Haya, na mimi nimebeba."

Barasa alishuka, akaenda akasimama upande wa pili wa gari, akamsalimu Mama kupitia juu ya paa, macho yake yakiwa kwenye taa za barabarani. Mama akamjibu akiangalia mikoba. Mpakistani mwenye duka akanisogelea polepole akaniuliza kwa Kiarabu cha kubabaisha kama kuna mtu amekosana na mtu, aite polisi? Nikamwambia hapana, hii ndiyo heshima yetu. Alitutazama mpaka tukakata kona.

Barabara ya milimani

Ndani ya gari nikawa posta. Mama yuko safu ya mwisho, Barasa kwenye usukani, mimi na Joy katikati.

"Nanjala, mwambie Baba Joy aendeshe polepole."

"Mwambie Mama nimesikia."

Na wote wawili wanasikiana vizuri kabisa.

Tulipoanza kuingia milimani, ile milima mikavu isiyo na hata jani, Mama akasema, "Nanjala, mwambie Baba Joy milima hii ni mizuri sana. Tusimame tuitazame." Jamani, Barasa alifurahi! Akatafuta mahali peupe kando ya barabara, hakuna nyumba, hakuna mti, akasimamisha gari. Mama akatazama huku na huku, akasema asante, twende. Baada ya dakika kumi, milima tena. Barasa akasimama mahali pazuri zaidi, peupe zaidi. Mama alitoka, akasimama kidogo amebana magoti, akarudi ndani. Mara ya tatu Barasa aliendesha kilomita nzima kwenye kijia cha mawe ili Mama aone bonde, na gari lilivyokuwa linarukaruka Mama alishika kiti kwa mikono miwili na kufumba macho.

Mimi mwanawe wa kumzaa sikuelewa mpaka tulipopita kituo cha mafuta na Mama akasema kwa sauti ya kulia kabisa, "Mlima wa hapa! Mlima wa hapa ndio mzuri!" Pale pamoja na petroli palikuwa na duka na choo. Mwanamke wa kwetu atamwambiaje mkwe wake kwamba anataka kujisaidia? Aliteremka kabla gari halijasimama vizuri. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia, akamgawia kila mtu yai, la Barasa likapitia mkononi mwangu.

Mapokezi

Hoteli ilikuwa ndefu, nyeupe, mbele bahari na nyuma milima. Mlangoni wakatuambia kwa upole chakula cha nje hakiruhusiwi, kwa hiyo mfuko wa Mama ukabaki garini. Mama akanitazama tu. Wakatufunga tepe za rangi ya chungwa mikononi, na Mama akauzungusha wake kama mtu aliyetiwa pingu.

Aliyetuhudumia alikuwa kijana wa Uganda, mchangamfu. Aliposikia Kiswahili akafurahi, akasema atatufanyia hisani ya nyumbani. "Nimewapa vyumba viwili vinavyounganika. Mlango uko katikati, bibi anaingia na kutoka anavyotaka!"

Mama aliketi juu ya sanduku. Barasa alikwenda kuangalia samaki wa kwenye tangi, na aliwaangalia kwa bidii sana. Nikamwinamia yule kijana nikamweleza kwa sauti ya chini. Kabla sijamaliza alishika kichwa.

"Nyabo, bibie! Huyu ni mkwe wake? Nisamehe! Hata sisi Baganda kwetu ni mwiko, ningempa mama yangu chumba hiki angenilaani." Akabonyezabonyeza kompyuta, akamhamishia Mama jengo lingine, ng'ambo ya bustani, lenye paa lake lenyewe. Nilitamani nimkumbatie. Nikajisemea, paa tumemaliza. Yamebaki mawili, meza na maji.

Chakula cha mchana

Hapa kosa ni langu, naungama mbele yenu.

Ukumbi wa chakula ulikuwa unafungwa saa tisa. Una milango miwili, mmoja wa bustanini na mmoja wa ufukweni. Mama akasema, "Tangulieni. Baba Joy akishiba akatoka, nitaingia." Barasa naye akaniambia, "Mama ale kwanza, mimi nitasubiri." Nikamwacha Mama kwenye benchi la bustanini, Barasa akapitia ufukweni, mimi nikaingia na Joy.

Mnanijua. Nanjala ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na kila siku kazini mimi huwapangia wageni mezani vyakula nisivyovila. Siku hiyo nilikuwa mgeni. Kulikuwa na kondoo mzima juu ya wali, samaki wa kuchoma, mikate ya namna nane, biriani, na meza ya vitamu tu. Nilipakua mara nne. Nilijikuta nimekusanya vyombo vya meza ya jirani nikavipanga kwa mkono mmoja, mhudumu akaninyang'anya huku anacheka.

Katikati ya kula Mama akapiga simu. "Baba Joy yuko wapi?" Nikajibu huku natafuna, "Si yuko ndani anakula." Sikuwa nimemwona. Nilidhani tu, ukumbi ni mkubwa. Muda kidogo Barasa naye, "Mama amemaliza?" Nikamwambia, "Bado, yuko ndani." Hata huyo sikuwa nimemwona.

Basi Mama amekaa kwenye mlango wa bustanini anangoja mkwe wake atoke. Mkwe amekaa kwenye mlango wa ufukweni anangoja Mama atoke. Mimi niko katikati na kipande cha keki. Saa tisa ikafika, wakafunga milango yote miwili. Katika hoteli ambayo chakula hakiishi, watu wangu wawili walishinda na njaa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Barasa alisema yuko sawa, akamchukua Joy kwenda kuogelea. Mama alisema yuko sawa, anakwenda kupumzika chumbani.

Bwawani

Aliyenifungua macho ni mwanamke mmoja mtu mzima, Bi Zuwena. Kwao ni Unguja, lakini amekaa Dubai tangu ujana wake, na pale alikuja na wajukuu. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea la kumfunika kuanzia kichwani hadi vifundoni. Alinijia bustanini amemshika Mama mkono.

"Mwanangu, huyu ni mamako? Nimemkuta kakaa peke yake anatazama mlango uliofungwa. Hajatia kitu tumboni huyu. Mna nini nyinyi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Zuwena hakungoja maelezo. Alisema kuna kibanda cha chipsi na kuku kando ya bwawa, hakifungwi mpaka jioni, akamkokota Mama, na mimi nyuma yao. Tulipokata kona ya maua nikakumbuka ni nani yuko bwawani. Nimechelewa.

Barasa alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, mwili wote ule nje, na kaptura ndogo nyekundu aliyochaguliwa na bintiye. Akamwona Mama. Wee! Sijawahi kuona mtu mkubwa hivyo akitoweka haraka hivyo. Alijitupa kwenye kina, akabaki kichwa tu.

Mama akaketi kwenye kiti cha kwanza, uso kwenye bwawa. Sahani ya chipsi ikaja, na kuku, na juisi ya embe. Akaanza kula polepole na kuongea na Bi Zuwena, habari za wajukuu, habari za magoti. Hawakuwa na haraka yoyote.

Ilikuwa Januari. Jua lilikuwa limekwenda nyuma ya milima na upepo wa bahari umeanza. Watoto wote wakatoka majini wakajifunga taulo. Akabaki Barasa. Taulo lake lilikuwa kwenye kiti kilicho karibu na Mama, sikuweza hata kulichukua bila kumpitia mbele.

"Baba, toka!" Joy akapiga kelele. "Kuna chipsi!"

"Bado naogelea," Barasa akasema. Hakuwa anaogelea.

"Baba, mbona unatetemeka?"

Mlinzi wa bwawa akaja akamwinamia, akamwuliza kama ameshikwa na misuli. Barasa akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Na mtu huyu hajala kitu tangu yai la barabarani.

Hapo nilikata tamaa, nawaambia kweli. Nilitoa simu nikaanza kumwandikia Nafula. "Dada, haiwezekani. Nimejaribu. Siku moja tu na mume wangu anakufa majini kwa heshima, huko wiki nzima, wakwe wawili..." Machozi yalikuwa yananitoka. Nikamkumbuka Nafula siku ile anaondoka Nairobi, Mama akimfunga leso kiunoni juu ya suruali. Leso hiyo anayo mpaka leo. Nilijua nikituma ujumbe ule hataonana na Mama tena mpaka Mungu ajue lini.

"Nanjala," Mama akasema, bila kugeuka. "Yule mtu aliye ndani ya maji, ni mzima?"

Nikaacha kuandika. "Mama, kumbe umemwona?"

"Mimi naona kuku wa jirani toka ng'ambo ya mto. Nitakosaje kumwona mtu mkubwa vile hatua kumi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema si nitakuwa nimemwona?"

Bi Zuwena alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. Aliweka sahani chini, akasimama, akakishika kiti chake kwa mikono miwili akakiburuta, krrr, mpaka kikaelekea nyuma ya hoteli. Akaketi. Akavuta leso akajifunika kichwa, na akanyoosha mkono nyuma na lile taulo, kwa upande wangu.

"Mwambie Baba Joy milima ya huku ni mizuri sana," akasema. "Nitaitazama mpaka avae suruali. Halafu mpelekee kuku. Nafasi yote hii, na mtu anaganda kama hana kwao."

Barasa alitoka. Alipita nyuma ya mgongo wa Mama amejifunga taulo kuanzia kifuani kama bibi harusi, meno yanagongana, na alipofika hatua za mwisho akasema mwenyewe, bila posta, "Asante, Mama."

"Asante ya nini?" Mama akaijibu milima. "Mimi sijaona mtu."

Nikafuta ule ujumbe herufi kwa herufi.

Kurudi

Mengine yalikwenda vizuri, msinung'unike kwamba ni machache. Chakula cha jioni Mama alikula kwanza na Bi Zuwena, mimi nikasimama mlangoni kama mlinzi wa benki, hakuna kudhani tena, macho yangu mwenyewe. Barasa akaingia wa pili na akala mpaka mpishi akaja kumsalimia. Asubuhi nilimkuta Mama ufukweni na Joy, leso imekunjwa magotini, anaruka kila wimbi na kupiga vigelegele. Alikuwa na miaka sitini na sita na hakuwa amewahi kuingia baharini.

Kuhusu swali la baadhi yenu, kama hoteli hizo zinafaa kwa familia, mimi nasema zinafaa, ila usiende na familia ya kwenye picha yao. Nenda na yako, na uulize kwanza hoteli ina mapaa mangapi na milango mingapi.

Lakini jambo nililotaka hasa kuwaambia ni hili. Tulipokuwa tunapanda garini Jumapili mchana, nilimfungulia Mama njia ya safu ya mwisho. Hakupita. Aliketi safu ya katikati, kando ya Joy, akaweka mfuko wake mapajani na kuangalia dirishani. Barasa alimwona kwenye kioo. Alikaa kidogo na ufunguo mkononi kabla ya kuwasha gari.

Tulipofika katikati ya milima simu ikalia. Ni Nafula. Kwao ilikuwa bado alfajiri, na wakwe walikuwa wanangoja. Nilimpa Mama simu nikiwa nimeifungua sauti, gari zima lisikie.

"Mama," Nafula akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama bado anaishi nyumbani. "Mama, niambie tu ukweli. Kama haiwezekani nitaelewa."

Mama aliinua macho. Nje ya dirisha milima ilikuwa inapita, mikavu, mmoja baada ya mwingine.

"Nafula mwanangu," akasema. "Huko kwa mumeo, kuna milima?"

"Milima?" Dada yangu hakuelewa, masikini. "Ipo, Mama. Mingi sana. Iko nyuma ya hoteli. Kwa nini?"

"Basi niandikie chumba," Mama akasema. "Nakuja."